Ukumbi wa Maonyesho Ndani ya Jumba la Biashara Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamenifikia kwa miaka kadhaa. Mengine yalitoka kwa wenye majumba wa kisiwani na Nyali, mengine kwa vikundi vya maigizo, wapambaji wa harusi, na wasanifu majengo waliopewa kazi ya ukumbi kwa mara ya kwanza. Nimeyapanga kwa namna watu wanavyoyauliza, si kwa mpangilio wa kitabu.

Orofa hiyo ningeweza kuigawa maduka. Kwa nini niweke ukumbi?

Kama ni orofa ya chini inayotazama Moi Avenue au Digo Road, gawa maduka na usijisumbue. Duka la barabarani hulipa kodi ambayo hakuna mchezo wa kuigiza utakaoifikia. Shida huanza orofa ya tatu kwenda juu. Mteja hapandi ngazi kununua viatu, ila kwenda harusini atapanda, tena na watoto.

Lakini usihesabu maigizo peke yake. Ukumbi wa hapa kwetu huishi kwa mchanganyiko: harusi mwisho wa wiki, semina na mikutano ya vyama vya akiba katikati ya wiki, asubuhi za muhula vikundi vinavyowaigizia wanafunzi vitabu vya mtihani, jioni taarab, vichekesho au filamu, na mara moja moja mashindano ya kusoma Qur'ani. Mwenye jengo akiniambia anataka ukumbi wa "kila kitu", humwomba anitajie vitu vinne. Vinne hupangika. Vikiwa kumi, utapata chumba kikubwa chenye taa za mikutano, na kila atakayekikodi atalalamika kwa sababu yake.

"Ukumbi wa matumizi mengi" maana yake nini hasa?

Maana yake ni kwamba mambo matatu yanaweza kubadilishwa kati ya shughuli moja na nyingine: jukwaa liko wapi, watu wamekaa vipi, na chumba kinasikika namna gani. Jukwaa laweza kuwa upande mmoja watu wakilitazama kwa mbele, laweza kutoka kama ulimi watu wakalizunguka pande tatu, laweza kuwa katikati kabisa, au likawa njia ndefu yenye watazamaji huku na huku. Hakuna geni hapo. Ngoma za uwanjani zimechezwa katikati ya duara siku zote, na mkeka ndio kiti cha kwanza cha kukunjwa tulichokuwa nacho: ukiutandika ni ukumbi, ukiukunja ni ua.

Kuna mambo manne ambayo hayabadiliki jengo likishasimama: kimo, nguzo, nguvu ya sakafu, na njia za kutokea. Watu huja na picha za viti na taa kwenye simu. Mimi huuliza kwanza haya manne, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Ukumbi uwe orofa ya ngapi?

Chini ya ardhi sipendekezi. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, ukichimba unapambana na maji na unyevu, na pampu ikizimika usiku wa mvua unaamka kuokoa mapazia. Orofa ya chini ni nzuri kwa kupakua mizigo na kwa watu kutoka haraka, ila kodi yake inauma. Za katikati ndizo mbaya zaidi, kwani una jirani juu, jirani chini, na msitu wa nguzo.

Ya juu kabisa ndiyo ninayoipenda. Hakuna jengo linaloelemea juu yake, kwa hiyo paa laweza kubebwa na fremu za chuma za mita 15 hadi 18 bila nguzo hata moja katikati, na kimo unakiongeza utakavyo. Gharama yake ni lifti, ngazi pana, jua na mvua. Mvua watu huisahau. Nilikuwa nyuma ya mitambo ya sauti katika ukumbi mmoja wa orofa ya juu, mwezi wa Mei, bati tupu na dari ya plaiwudi nyembamba chini yake. Masika yakashuka katikati ya onyesho. Waigizaji walipaza sauti kama dakika mbili, kisha wakanyamaza, wakakaa chini jukwaani kusubiri pamoja na watazamaji. Mama mmoja wa safu ya mbele akaanza kuwagawia mabuyu. Ilipendeza kuitazama, lakini aliyelipa tiketi hakuja kwa hayo.

Dawa yake ni uzito na tabaka. Kama bajeti inaruhusu, mwaga slebu nyembamba ya zege juu ya fremu. Kama hairuhusu, chini ya bati weka sufi ya mawe (rockwool), kisha bodi mbili za jipsamu zilizoning'inizwa kwa vishikizo vya mpira ili mtikisiko wa bati usishuke. Sufi hiyo hiyo itapunguza joto la mchana.

Dari ya mita tatu haitoshi?

Kwa mkutano inatosha. Kwa onyesho, hapana. Majengo mengi ya ofisi yana mita 3.5 hadi 4 kutoka slebu hadi slebu, na ukitoa boriti na mifereji ya hewa hubaki chini ya 3. Ukumbi mdogo wa maonyesho unataka mita 5.5 hadi 6 zilizo wazi chini ya mabomba ya taa.

Sababu ni mbili. Taa ya jukwaani hupendeza ikimwangukia mwigizaji usoni kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Ikiwa chini mno, inamchoma macho na kutupa kivuli chake ukutani. Ya pili ni viti vya ngazi. Safu nane zikipanda sentimita 25 kila moja, aliye nyuma kabisa amesimama mita 2 juu ya sakafu. Ongeza urefu wa mtu, uone dari ya mita tatu imefika wapi.

Katika jengo la zamani, njia ni kuondoa sehemu ya slebu kati ya orofa mbili. Inawezekana, ila ni kazi ya mhandisi wa miundo mwenye michoro ya asili mkononi. Fundi atakayekuambia "hiyo tunakata tu" mwondoe kabla ya chai ya saa nne.

Nguzo nazo?

Nguzo za majumba ya biashara mara nyingi huwa kila mita 7.5, na sababu iko chini kwenye maegesho: hapo magari matatu yanaingia kati ya nguzo na nguzo. Kwa hiyo ramani ya ukumbi wako imechorwa na magari. Kama jengo bado liko kwenye karatasi, pandisha ukumbi juu kabisa, au uutoe kando ya mnara juu ya paa la maduka. Kama limeshajengwa, usilazimishe upana. Chukua nafasi ya mita 7.5 kwa 22 katikati ya mistari miwili ya nguzo, iwe njia ndefu yenye watazamaji pande zote mbili, na nafasi za nje ya nguzo ziwe vijia vya kupita.

Wyly, ukumbi wa Dallas, Marekani, uliofunguliwa 2009, ulikuja na wazo zuri. Badala ya kuuzungushia ukumbi vyumba vya huduma, walivipanga juu yake na chini yake, pande za ukumbi zikabaki huru. Mitambo yao ya kuinua sakafu na viti hatuihitaji. Hilo wazo la kupanga juu na chini ndilo la kuchukua, maana jumba la biashara tayari limepangwa hivyo.

Sakafu ya ofisi itabeba watu mia mbili?

Usikisie. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo majengo mengi ya hapa yamekokotolewa kwavyo, sakafu ya ofisi hupangiwa kilo 250 hivi kwa mita mraba, ukumbi usio na viti vya kudumu karibu 500, na jukwaa karibu 750. Yaani chumba kilichotosha makarani hakiwi ukumbi kwa kuondoa madawati tu. Tena uzito uliotulia ni nusu ya habari. Watu mia wakiruka kwa pigo moja la ngoma huitikisa slebu kwa mdundo, na slebu ndefu nyembamba huanza kuitikia. Omba hesabu za mhandisi aliyeijenga. Kama hazipatikani, pima upya kabla ya kulipa amana.

Viti: vya kudumu au vya kusogeza?

Vya kudumu vinaua harusi, kwa hiyo vinaua ukumbi. Zimebaki njia mbili. Kuna viti vya ngazi vinavyorudi ukutani kama droo: unasukuma, unavuta, kazi imekwisha. Ni vizuri, ni ghali, na kwa Mombasa vina adui mmoja, chumvi ya hewani. Reli na magurudumu yake hushika kutu yasipopakwa grisi kwa ratiba, na siku yakikwama nusu njia huna ukumbi wa ngazi wala ukumbi bapa.

Njia ninayowapa wengi ni majukwaa madogo ya mita 2.44 kwa 1.22, kipimo cha ubao mzima wa plaiwudi, yenye fremu ya chuma kilichopakwa zinki na miguu ya kubadilishwa urefu. Hayo hayo leo ni jukwaa la bibi harusi, kesho ni ngazi za kuketi. Juu yake panga viti vinavyopandana. Viti vya kusogeza vifungwe safu kwa safu kwa kulabu, kwani moto ukizuka, kiti kilichoanguka njiani ndicho kinachokwamisha watu.

Halafu stoo. Kila mchoro ninaoletewa umeisahau au umeitia ukubwa wa choo. Kwa ukumbi wa mita mraba 300 mimi huomba stoo ya mita mraba 40 hadi 50, mlango mpana, usawa mmoja na sakafu ya ukumbi, bila kizingiti. Bila stoo, viti hulala kwenye ngazi za dharura. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na kila mara mlinzi hujibu kwamba ni vya muda.

Ukumbi wetu una mwangwi, maneno hayasikiki. Tununue spika kubwa?

Spika kubwa kwenye chumba chenye mwangwi ni kumpigia kelele mtu aliye ndani ya pipa. Tibu chumba kwanza.

Hesabu yake ni ya zamani. Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza kuishughulikia 1895 baada ya kupewa darasa ambalo hakuna aliyeelewa kitu ndani yake. Alikuta kwamba muda wa mwangwi ni 0.161 mara ujazo wa chumba, ugawanye kwa eneo la vitu vinavyonyonya sauti. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 15 kwa 6, ambao ni mita za ujazo 1,800. Kuta, sakafu na dari ni kama mita mraba 1,020, na zege au marumaru hunyonya asilimia 3 hivi tu, sawa na mita mraba 30. Mwangwi wa chumba kitupu: zaidi ya sekunde 9. Ingiza watu 200, kila mmoja akinyonya kama nusu mita mraba, ushuke hadi sekunde 2 na kitu. Maneno ya maigizo yanataka karibu sekunde 1, kwa hiyo unahitaji mita mraba 290 za kunyonya. Watu wamekupa 100, kuta 30, zilizobaki 160 uzitafute mwenyewe. Weka sufi ya mawe kwenye mita mraba 120 za dari, na mapazia mazito yenye mikunjo kama mita mraba 130 ukutani, utakuwa umefika.

Taarab hupenda mwangwi kidogo zaidi, fidla na udi vikikaushwa mno husikika maskini. Ndiyo maana mapazia yawe kwenye reli: yavute kwa mchezo wa kuigiza, yafungue kwa muziki. Huo ndio ubadilikaji wa sauti wa bei nafuu kuliko wote. Ila pazia halili besi. Besi huliwa na unene, kwa hiyo lining'inize mbali kidogo na ukuta na uweke mabunda mazito ya sufi ya mawe kwenye pembe za chumba.

Na trei za mayai?

Hapana. Hazinyonyi cha maana na zinashika moto.

Tuko juu ya kliniki na mbele ya msikiti. Tutaepukaje ugomvi wa kelele?

Kwanza jua sheria inakubana wapi. Kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinaruhusu desibeli 60 mchana katika eneo la biashara, lakini kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni 35, huko huko kwenye biashara. Harusi yenye spika hufika 95 au zaidi ndani. Tofauti ya desibeli 60 haizibwi na pazia.

Sauti ya hewani huzuiwa na uzito na kutokuwa na tundu. Ukuta wa mawe ya kukata ya matumbawe ni mzito, lakini una vishimo, na usipopigwa lipu pande zote mbili sauti hupenya kama maji kwenye kikapu. Ukiongeza uzito maradufu unapata desibeli 5 au 6 tu, hivyo badala ya ukuta mmoja mnene jenga mbili zilizoachana, zisishikane popote. Mtikisiko wa miguu na besi hupita kwenye zege yenyewe. Huo unataka sakafu ya pili iliyolazwa juu ya vipande vya mpira, kuta za ndani zikisimama juu ya sakafu hiyo: chumba ndani ya chumba. Ni ghali, na inakula sentimita 20 za kimo. Kwa aliye juu ya kliniki au vyumba vya kulala sioni njia nyingine. Aliye orofa ya juu na chini yake ni ofisi zinazofungwa saa kumi na moja ana bahati, na ratiba itamsaidia kuliko saruji.

Msikiti nao, mbali na adabu, una upande wa pili: adhana itaingia ndani. Usiipangie vita. Magharibi hapa huwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, Isha saa moja unusu hivi au kupita kidogo. Anza onyesho saa mbili.

Eisi nne za ukutani zitatosha?

Zitapoza, lakini hazileti hewa. Eisi ya ukutani huizungusha hewa ile ile, na watu 200 kwa saa mbili wanahitaji hewa ya nje, lita 8 hadi 10 kwa kila mtu kwa sekunde. Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo hadhira yako ni jiko la kilowati 20 kabla hujawasha taa. Na hewa ya nje ya Mombasa, kwa unyevu wake, hula ubaridi mwingi kuliko hao watu wenyewe. Wasanifu wa kutoka bara huliruka hili, hesabu ya Nairobi inawadanganya.

Mtambo wa mifereji ndio jibu. Mifereji iwe mipana ili hewa iende polepole, kwani hewa inayokimbia hupiga mluzi na kuumeza mnong'ono wa mwigizaji. Mashine za nje ziwe na koili zilizopakwa kinga ya chumvi. Na ukumbi usipokuwa na kazi usizime kila kitu kwa wiki nzima. Mapazia ya mahameli yaliyofungiwa kwenye unyevu huota kuvu, na harufu yake bibi harusi ataitambua mlangoni.

Taa na stima tupange vipi?

Omba umeme wa laini tatu (three-phase) wa voti 415 kutoka mwanzo. Taa zipewe laini yao na sauti yake, la sivyo spika zitanguruma kila taa inapopunguzwa. Taa za LED zimerahisisha mambo: halojeni ya wati 1,000 ilikuwa pasi ya umeme juu ya kichwa, LED hufanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya umeme na joto. Juu tandaza mabomba ya chuma ya milimita 48, yale ya jukwaa la wajenzi, kwa miraba ya mita 1.2 hadi 1.5 chumba kizima, si mbele ya jukwaa peke yake. Jukwaa likihama, taa zihame nalo. Soketi ziwe kuta zote nne na chini ya sakafu.

Stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde kadhaa. Meza ya sauti iwe na betri, na taa za njia ya kutokea ziwe na betri zake zenyewe.

Harusi za wanawake zinahitaji nini cha pekee?

Hapa ndipo kumbi nyingi nzuri zinapoanguka. Kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, ni shughuli ya wanawake peke yao. Sasa fikiria ukumbi wa kawaida wa maonyesho: chumba cha mitambo nyuma, kioo kikubwa, na ndani yake vijana wawili wa kiume wanatazama kila kitu. Mama wa bibi harusi akikiona kioo hicho, amana anaichukua. Kiwekee kioo hicho kizibo cha mbao kinachofungwa kwa upande wa ukumbini, na meza za taa na sauti ziweze kuendeshwa kutoka ndani ya ukumbi. Bora zaidi, fundisha mabanati wawili watatu kazi ya mitambo. Niliowafundisha mimi hawakosi kazi mwisho wa wiki.

Jambo la pili ni mlango. Lifti ikifunguka moja kwa moja ukumbini, kila karani anayepita kwenda orofa nyingine ameona ndani. Nyumba za mawe za zamani za pwani zilijua dawa yake: ukivuka daka, ile baraza ya mlangoni, hukutani na chumba, unakutana na ukuta, unapinda. Fanya hivyo hivyo. Kijia chenye kona, mlango mmoja kila mwisho, kuta zimefunikwa kitu cha kunyonya sauti. Kona hiyo moja inakupa sitara kwa harusi, inazuia mwanga wa nje usivuruge giza la maigizo, na inazuia sauti isitoke kila mlango unapofunguliwa. Weka hapo pia rafu za kuhifadhi simu, kwa wenye shughuli wasiotaka picha.

Rangi nayo huleta mzozo. Watu wa maigizo wanataka kuta nyeusi, harusi haitaki kusikia neno hilo. Reli mbili za mapazia ukutani humaliza maneno: jeusi nyuma, la malai mbele. Jiko usijenge. Pilau inapikwa kwingine na kuletwa kwenye masufuria. Unachohitaji ni chumba cha kupakulia chenye mifereji ya kuoshea, na lifti ya mizigo ambayo sufuria kubwa na wabebaji wake wawili wanaingia bila kuinamisha. Lifti hiyo hiyo ndiyo itakayobeba mandhari ya jukwaani. Kikundi kimoja nilichofanya nacho kazi kiliwahi kukata kitanda cha mchezo vipande viwili mtaani, kwa sababu lifti ilikuwa ya abiria sita.

Moto?

Tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago uliungua wakati wa onyesho la mchana na kuua watu zaidi ya 600. Jengo lilikuwa jipya, likisifiwa kuwa haliungui. Milango ilikuwepo, ila mingine imefungwa, mingine imefichwa na mapazia, mingine ikifunguka kwa ndani huku umati ukiisukuma. Vyuma vya mlangoni vinavyofunguka kwa kusukumwa na mwili vilienea baada ya mkasa huo.

Kwetu hatari ina sura yake. Maduka hufunga jioni, na mlinzi wa jengo, kwa nia njema, hushusha geti la chuma la ngazi na kutia kufuli, huku juu kuna watu 200 wanatazama mchezo. Kabla ya kusaini mkataba, andika ndani yake kwamba ngazi mbili, zilizo mbali na nyingine, hazifungwi mpaka mtu wa mwisho ametoka, na zinashuka hadi barabarani bila kupitia ndani ya maduka. Mapazia yawe ya kitambaa kisichoshika moto kwa asili yake. Yale yaliyotiwa dawa hupoteza kinga yakifuliwa, na hapa yatafuliwa.

Vibali ni vipi?

Jengo lililoidhinishwa kuwa ofisi linahitaji idhini ya kaunti ya kubadili matumizi kabla ya michoro. Michoro isainiwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, mradi uandikishwe NCA (mamlaka ya taifa ya ujenzi), leseni ya mazingira NEMA, ukaguzi wa zimamoto kaunti. Mwambie msanifu atumie kanuni za taifa za ujenzi za 2024, si zile za 1968 ambazo bado zinazunguka ofisini. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi: hata kubadilisha mlango kunataka ruhusa, na kwa ukumbi wa kelele sikushauri kuanza safari hiyo.

Sinema ya zamani je, si rahisi zaidi?

Mara nyingi ndiyo. Ina kimo, haina nguzo katikati, na milango ya kutokea ipo. Nairobi, Sarakasi Dome ya Ngara ilikuwa sinema ya Shan. Tatizo ni sakafu yenye mteremko, ambayo meza za harusi haziikubali. Ijengee sakafu bapa juu yake, na nafasi ya chini igeuze stoo.

Pesa ni kidogo. Nianze na nini?

Na vile visivyobadilika: kimo, sakafu, njia za kutokea, kuta nzito, mabomba ya stima yaliyofukiwa hata kama bado ni matupu. Viti kodisha. Taa kodisha. Spika kodisha kwa miaka miwili, utajua unazohitaji. Niliwahi kuona ukumbi ulionunua mitambo ya kisasa kabisa na kuitundika kwenye dari ya mita 2.9. Mitambo ile sasa inatumika kwa matangazo ya semina.

Kugeuza ukumbi kutoka harusi hadi maigizo huchukua muda gani?

Watu sita wanaojua kazi, stoo iliyo karibu, viti vya kupandana na mapazia ya reli: saa tatu hivi. Bila stoo, siku nzima. Shughuli ya Jumamosi hapa huisha saa sita usiku kwa maneno na saa nane kwa vitendo, kwa hiyo usiuze tiketi za watoto za Jumapili saa nne asubuhi. Anza saa nane mchana, baada ya Adhuhuri na chakula. Na mpe kijana mmoja kazi ya kupekua mikunjo ya mapazia kwa tochi. Asubuhi ya Jumapili hutoka humo maua ya asumini, pini, hereni moja moja, na siku moja mtoto wa watu aliyelala fofofo.